Tippu Tip: kiti kiliisha, maneno yakabaki

Hapa Maniema hakuna mtoto wa masomo asiyesikia jina la Tippu Tip. Mwalimu analitaja darasani, wazee wanalitaja barzani, na kila mmoja na namna yake. Kuna wanaomuita mwizi wa watu. Kuna wanaomuita bwana mkubwa aliyejenga Kasongo. Maneno ya bunduki na ya pembe za tembo yanajulikana. Lakini yale yaliyompata alipoanza kuzeeka, mbali na Lualaba, hayasemwi sana. Njo yale tunataka kuyaeleza leo, juu ya kuna swali moja ndani yake linalotugusa sisi watu wa Kindu. Mtu aliyeshika mambo ya watu wengi, akizeeka, afanye nini? Ang'ang'anie kiti? Anyamaze nyumbani? Ama kuna kazi nyingine inayomngoja?

Kijana wa Unguja kwenye njia ya bara

Jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa sana Tabora. Katika ukoo wao damu ya Waarabu wa Oman ilikuwa imechanganyika na damu ya Afrika tangu mababu. Hamed mwenyewe alikuwa mtu mweusi, anajihesabu Mwarabu, na anasema Kiswahili. Alianza biashara akiwa mtoto wa miaka 12, na mzigo mdogo wa sandarusi. Alipopata miaka 18 hivi, baba yake akamchukua mpaka bara.

Jina la Tippu Tip alilipata huko. Wengine wanasema lilitoka kwa macho yake, yaliyokuwa yanapepesa kila mara. Yeye alipenda zaidi kusema kwamba ni mlio wa bunduki zake katika masikio ya watu aliowapiga. Mwaka 1867 hivi alimshinda Nsama, sultani wa Watabwa, katika inchi iliyo kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Akachukua pembe nyingi sana, na toka siku ile jina lake likawa linamtangulia njiani. Mwaka ule ule akakutana na Livingstone, akamsaidia.

Karibu na mwaka 1870 akaanza safari yake kubwa. Hakuiona tena Unguja mpaka 1882. Miaka 12 kijana mmoja alitembea na mali ya mkopo aliyopewa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, akinunua pembe, akipiga vita, akikamata watu, akiweka masultani na kuwaondoa.

Katika safari ile alifika kwa Kasongo Rushie, upande wa Lomami. Mbele ya kufika alisikia kwa watu habari ya zamani: dada wawili wa sultani yule walikamatwa vitani miaka mingi nyuma, wakapelekwa mbali, hawakurudi. Tippu Tip akaishika habari ile akaifanya yake. Alipofika, akajieleza kwamba mmoja wa wale wanawake ni bibi katika ukoo wake, na kwamba yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Sultani alikuwa muzee sana. Alifurahi kuona damu ya dada yake, akamuachia utawala wake.

Tulishike vizuri neno hili, juu ya tutalirudia. Mtu mwenye bunduki nyingi kuliko wote katika inchi ile alipata utawala kwa hadithi. Na muzee aliyechoka, aliyetamani kuona ukoo wake mbele ya kufa, njo aliyedanganywa.

Bwana wa Kasongo

Mwaka 1874 alifika Nyangwe, akamkuta Muingereza Cameron. Mwaka uliofuata akakaa Kasongo, na Kasongo ikawa mji wake. Mashamba ya mpunga yakapanuka, nyumba kubwa zikajengwa, misafara ikawa inatoka na kuingia. Wazee wetu walikula mchele toka wakati ule, na Kiswahili tunachosema leo katika soko la Kindu kilipita njia ile ile, pamoja na Wangwana, na pamoja na minyororo pia.

Tuseme mambo yote, si nusu. Kasongo haikujengwa kwa mpunga peke yake. Vijiji vilichomwa. Watu walikamatwa ili wakombolewe kwa pembe, na waliokosa mtu wa kuwakomboa walibaki watumwa. Mbele ya Tippu Tip kufika Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa pwani walipiga bunduki katikati ya soko lile lile, na wamama waliokuja na vyungu na samaki wakafa kwa mamia, wengine ndani ya maji. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Tippu Tip hakuwako siku ile, lakini biashara ilikuwa ile moja, na yeye njo aliyekuja kuwa mkubwa wake.

Mwisho wa mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kutoka Nyangwe, wakishuka na mto katika msitu, kuelekea upande wetu huu. Baada ya majuma machache akarudi. Stanley akaendelea mpaka bahari ya magharibi. Safari ile ilifungua mlango ambao hakuna mtu angeweza kuufunga tena. Wazungu walijua sasa kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja.

Miaka 50 na kazi ya Bula Matari

Mwaka 1886 watu wa pwani walipigana na kituo cha Serikali ya Leopold kule Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kituo kikaanguka. Leopold hakuwa na nguvu ya kukirudisha kwa vita. Kumbe Tippu Tip alikuwa amekwenda Unguja, na Stanley akamfuata huko na mapatano. Februari 1887 wakaandikiana: Tippu Tip atakuwa wali wa Stanley Falls, chini ya bendera ya Leopold, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Alikuwa karibu na miaka 50.

Watu wengi walishangaa, na mpaka leo kuna wanaomcheka. Bwana wa inchi nzima anakubali mshahara? Lakini tuangalie wakati wenyewe. Alikuwa ameona mambo ambayo wenzake wa Kasongo na Nyangwe hawakuyaona. Sultani Barghash wa Unguja, aliyekuwa tegemeo lao, alikuwa anakatwa inchi yake kipande kwa kipande, huku Wadachi na huku Waingereza. Kisha, baada ya mapatano, Tippu Tip akapanda meli moja na Stanley, wakazunguka Afrika yote ya kusini, wakapita Cape Town, wakaingia mdomo wa mto Kongo, wakapanda tena mpaka Falls. Alizunguka bara kwa maji akaona bandari na meli za moshi. Mtu aliyeona vile hawezi kurudi kusema kwamba Wazungu ni wasafiri wachache wanaotafuta njia.

Basi, kubaki katika mambo ya watu kulimdai kubadilika. Alijaribu kukaa katikati, na katikati ni mahali pa taabu. Wenzake wafanyabiashara walimuona kama mtu aliyejiuza kwa Bula Matari. Wazungu nao walimuona kama adui aliyevaa kofia ya serikali. Stanley alikuwa amemuomba wapagazi kwa msafara wa kumtafuta Emin Pasha. Wapagazi wakachelewa kufika, tena wakawa pungufu. Julai 1888 Barttelot, mkubwa wa kundi lililobaki nyuma, akauawa njiani, na lawama kubwa ikamwangukia Tippu Tip. Mwaka ule ule Barghash alikuwa amekufa.

Mwaka 1890 Tippu Tip akatoka Falls kwenda Unguja, juu ya Stanley alikuwa amemshitaki huko. Alifika Julai 1891. Mashitaka yale yakaondolewa, lakini yeye hakurudi tena Maniema. Hakuna vita iliyomtoa. Alikwenda kujibu neno, mlango ukafungwa nyuma yake.

Unguja: muzee bila kiti

Mwaka 1892 vita ikawaka. Sefu, mtoto wake, alikuwa amebaki Kasongo pamoja na wakubwa wengine. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wao, akageuka upande wa Serikali. Dhanis na askari wake wakavuka Lomami. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo ikaanguka Aprili. Ngongo Lutete mwenyewe, baada ya kuwasaidia, akauawa na wale wale aliowasaidia, Septemba 1893. Mwezi uliofuata Sefu akafa vitani. Mwanzo wa 1894 Rumaliza akashindwa, mambo yakaisha.

Habari hizi zilimfikia muzee Unguja kwa njia ya msafara, moja baada ya nyingine. Mtoto amekufa. Mji umechukuliwa. Pembe zilizobaki bara zimepotea. Na inchi ambayo jina lake lilikuwa sheria sasa inatawaliwa na watu ambao miaka michache nyuma walimuomba ruhusa ya kupita.

Hakuwa masikini, hapana. Alikuwa na mashamba ya karafuu na watumwa wengi wa kuyalima, na nyumba yake ya Shangani ingali imesimama katika Mji Mkongwe. Lakini hakuwa na cheo tena. Alishuhudia Waingereza wakipiga makombora jumba la sultani, Agosti 1896, na vita ile haikumaliza saa moja. Mwaka 1897 utumwa ukapoteza nguvu ya sheria Unguja. Na Rumaliza, mwenzake wa zamani, wakaishia kukutana naye mbele ya mahakama juu ya mali. Vile njo inavyokuwa mara nyingi: watu waliogawana inchi wanazeeka wakigombania kilichobaki.

Muzee wa namna ile angeweza kufanya moja ya mambo mawili tunayoyajua vizuri hata siku hizi. La kwanza, kutafuta kiti kingine, chochote, hata kidogo, ili watu wasiseme kwamba amekwisha. La pili, kukaa kimya mpaka kaburini, akiacha wengine waseme kwa niaba yake. Yeye akafanya la tatu.

Hadithi ya pili

Unguja kulikuwa na Mdachi mmoja wa ofisi ya konsula, Heinrich Brode, aliyejua Kiswahili. Huyu akamuomba muzee aeleze maisha yake. Tippu Tip akakubali. Akayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyozoea. Brode akayageuza katika herufi za Kilatini, akayatia katika Kidachi, na yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni moja ya habari za kwanza kabisa ambazo mtu alieleza maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu. Mwaka 1974 padri François Bontinck, mwalimu wa historia aliyefanya kazi Kinshasa, akaitoa kwa Kifaransa. Hivi mwanafunzi wa Kindu anaweza kuisoma katika lugha zote mbili.

Ukiisoma, unamsikia mfanyabiashara. Kila kitu kina uzito na bei. Frasila ngapi za pembe, deni kiasi gani, nani alilipa, nani alikataa. Majina ya masultani yanafuatana, mito, njia, siku za kutembea. Maandiko mengi ya Wazungu wa wakati ule yanatuonyesha Maniema kama pori tupu. Yake yanatuonyesha inchi yenye watu, yenye wakubwa, yenye masoko na maneno ya siasa. Kwa kazi ile tunapaswa kumshukuru. Alikuwa na miaka 60 na kitu, mgonjwa wa mambo mengi yaliyompita, na bado aliona kwamba watu watakaokuja watahitaji kujua.

Lakini tulisema tutalirudia neno la Kasongo Rushie. Mtu huyu alijua nguvu ya hadithi kuliko mtu yeyote. Ujanani hadithi moja ilimpa utawala. Uzeeni alieleza nyingine, na ile nayo ilimpa kitu: ilimpa nafasi ya kuchagua jinsi atakavyokumbukwa. Katika maneno yake pembe zinahesabiwa moja kwa moja, lakini waliozibeba wanapita bila sauti. Mwanamke aliyekamatwa shambani na kutenganishwa na watoto wake haelezi kitu pale. Mpagazi aliyeanguka njiani, mzigo wake ukapewa mwingine, haelezi kitu. Wao pia walizeeka, wale waliobahatika kuzeeka. Walikaa Kasongo, Kibombo, Kabambare, wakijua upande mwingine wa kila ukurasa. Hakuna aliyewafuata na kalamu.

Tuangalie pia ni nani aliyeuliza. Aliyeuliza ni mgeni, mtu mwenye adabu aliyependa historia, lakini kijiji chake hakikuchomwa. Hakuna mtu wa Nyangwe aliyekaa mbele ya Tippu Tip kumuuliza yake. Njo maana muzee aliweza kupita haraka pale alipotaka kupita haraka. Hesabu ya maisha, ukiitoa mbele ya mtu usiye na deni kwake, inakuwa nusu hesabu.

Tippu Tip alikufa Unguja mwezi wa Juni 1905, katika nyumba ile ya Shangani. Alikuwa na miaka karibu 68.

Sisi na wazee wetu

Hapa Kindu tuna wazee walioshika mambo ya watu. Kuna waliokuwa katika reli na bandari. Kuna waliokuwa walimu, machifu, watu wa serikali, watu wa siasa. Wengine bado wanatafuta kiti, na kila uchaguzi tunawaona wakirudi na picha zao za ujana. Hatusemi kwamba muzee hana haki ya kusimama. Muzee mwenye nguvu na akili anaweza kufanya kazi nzuri kuliko kijana mwenye haraka. Tunasema kwamba kiti si njia ya pekee ya kubaki mtu wa maana, na kwamba kuna kazi ambayo kijana hawezi kuifanya hata akitaka.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati waasi wa Simba walipoingia Kindu, Julai 1964, sasa amepita miaka 80. Mtu aliyekuwa kijana mkubwa Novemba 1961, wakati wale Waitaliano 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa walipouawa katika mji wetu, amezeeka zaidi tena. Mambo yale yameandikwa Roma, yameandikwa Bruxelles. Upande wa watu wa Kindu, wale waliojificha, waliokimbilia msituni, waliopoteza baba bila kujua amezikwa wapi, uko katika vichwa vya wazee wachache, na kila mwezi tunazika mmoja wao.

Wazee hawa hawana Brode wa kuwafuata, na hawamhitaji. Wana wajukuu wenye simu zinazokamata sauti. Wana Kiswahili kile kile ambacho Tippu Tip alikiandika, tena chetu kimekuwa na mambo mengi ambayo chake hakikuwa nayo. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa chini na kuuliza, na kuuliza yote: si ulikuwa nani tu, lakini ulifanya nini, nani aliumia, nani ulimsaidia, nini ungefanya kwa namna nyingine. Muzee aliyekuwa na mamlaka aulizwe na wale aliowatawala. Muzee ambaye hakuwa na mamlaka hata siku moja aulizwe vilevile, juu ya yeye njo aliyebeba mzigo.

Mambo ya Tippu Tip tunayajua leo kwa sababu muzee mmoja hakukubali kunyamaza. Mambo ya mababu zetu waliobeba pembe zake hatuyajui, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Wale wa 1964 wangali barzani, jioni hii pia.